Mguu Mmoja Mfupi

Kayole, Nairobi
9 Februari 2025

Kwa Kaka Nzomo,

Pokea salamu zangu, za Ndanu na za binti yetu Triza. Sisi hatujambo kwa kiasi kinachowezekana Kayole. Maji yanakuja Jumanne na Ijumaa, na Ndanu amejiunga na kwaya ya kina mama, kwa hivyo hata siku ambazo mfereji umenyamaza nyumba hainyamazi. Triza amemaliza kidato cha nne. Nikirudi kazini ananiambia "niaje mzee", nami najibu "poa", kisha wote wawili tunaona haya.

Najua tangu matanga ya mama hatujasemezana kwa mdomo, na simu yako inaita mpaka inachoka. Lakini ni wewe uliyeweka desturi kwamba mzigo wa mbao usisafiri bila karatasi. Basi nami naitumia karatasi hiyo. Nimeitia ndani ya magunia matupu, dereva wa gari la Kyuso atakufikishia.

Sasa jambo lenyewe. Ule Umoja wa Mafundi wetu wa Baba Dogo haupo tena. Usishtuke, godauni lipo, na paa linavuja pale pale. Kilichobadilika ni jina. Sasa tunaitwa Kituo cha Usanifu na Ubunifu wa Kanda. Mimi niliyekuwa mtu wa stoo ni Ofisa wa Mkusanyiko. Funguo ni zile zile. Wachongaji wanaitwa wabunifu, na Mzee Kimwele, aliyechonga vifaru miaka arobaini, ameuliza kama mbunifu bado anaruhusiwa kukaa chini kwenye vumbi la mbao.

Wanaotuendesha ni watatu. Mwenyekiti ni Bwana Shiundu, yule wa taa za mabati, mwenye sauti ya mahubiri. Akikuomba chumvi unahisi umeokoka. Wa pili ni Mourine, binti aliyesomea usanifu chuo kikuu, ambaye huvaa ovaroli isiyo na doa hata moja. Wa tatu ni Bi Ruqiya wa mikeka. Yeye ni katibu, anaandika kila kitu na hasemi kitu.

Walipofungua gunia lako la Desemba, wakatoa kile kigoda cha miguu mitatu. Mourine alikizunguka mara nne. Kimeinama, kaka. Mguu mmoja ni mfupi kwa upana wa vidole viwili, na kiti chote kimelalia kushoto. Mourine akasema tangu azaliwe hajaona ujasiri kama huo katika mbao. Papo hapo kigoda chako kikafanywa mama.

Hapa kwetu unajua maana yake. Kazi ikishakuwa mama inawekwa katikati ya karakana, na kila fundi anachonga watoto wake kwa kuifuata. Ikiwa na kovu, anafuata kovu. Kuna mnunuzi wa ng'ambo ameagiza vigoda mia tatu vya namna hiyo.

Ndipo wakaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye ndugu: mguu ule ni mfupi kwa makusudi, au tezo ya kuchongea iliteleza? Nikawaambia Nzomo hatelezi. Lakini kusema kweli sijui. Niambie.

Halafu wanataka mchongaji mmoja aingie kwenye bodi, na jina lililotajwa ni lako. Jibu kwa gari linalorudi.

Ndimi mdogo wako,
Munyao


Kyuso
2 Machi 2025

Kwa Shemeji Munyao, Baba Triza,

Barua yako imefika ikiwa imekaliwa na mtu mzito, lakini inasomeka. Huku tupo. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja mweusi tititi, na hakuna wa kulaumiwa kwani beberu ni mmoja tu kijiji kizima. Nthoki yuko kwa mumewe huko Mwingi, anakusalimu. Mvua hatujaiona tangu Desemba. Simu yetu iliingia maji.

Baba Nthoki anakusalimu. Mikono yake ina shughuli, ndiyo maana naandika mimi.

Kuhusu mguu: msiunyooshe. Mguu hauna kosa. Kigoda hicho kilipimwa kwa mtu, hakikupimwa kwa sakafu. Wakitaka kunyoosha, waanze na mtu. Na kama ni lazima mkifanye mama, basi mfuate na mbao yake. Moyo wa mti ukae upande wa mguu mfupi, la sivyo kitapasuka kabla hakijafika huko ng'ambo.

Kuhusu kuingia kwenye bodi, hapana, na asante. Gari linamchosha mgongo.

Msalimie Ndanu. Mwambie sauti ya pili ndiyo inayobeba wimbo, asikubali kuwekwa ya kwanza.

Mama Nthoki


Kayole
23 Machi 2025

Kwa Kaka Nzomo,

Salamu za nyumba nzima. Ndanu ameomba sauti ya pili na kwaya imegawanyika, lakini hiyo ni habari ndogo ukilinganisha na yetu. Nimefurahi kusikia kuhusu mapacha. Nimesikitika kuhusu simu, ingawa nimejiuliza iliingia maji gani mahali ambapo mvua hainyeshi.

Maneno ya shemeji niliyasoma mbele ya bodi. "Kilipimwa kwa mtu, hakikupimwa kwa sakafu." Mourine alifumba macho, kisha akaandika maneno hayo. Sasa yamechapishwa kwenye katalogi chini ya picha ya kigoda, pamoja na maelezo yake mwenyewe kwamba kiti kinafuata mwinamo wa vilima vya Ukambani. Nilitaka kumwambia vilima vya Kyuso haviinami upande mmoja, lakini karatasi ilikuwa imeshakauka wino.

Bwana Shiundu aliuliza, "Mtu gani?"

"Mtu kwa jumla," Mourine akasema. "Binadamu."

"Binadamu yupi anakaa hivyo?"

Bi Ruqiya aliandika swali na kuacha nafasi ya jibu. Bado iko wazi.

Sasa sikiliza balaa. Nilipohesabu vigoda vilivyokwisha kuchongwa nilikuta nusu vimeinama na nusu vimesimama wima kama askari. Nikamwita Mzee Kimwele.

"Mama ameinama. Watoto wako mbona wamesimama?"

"Munyao, wewe ni mtoto mdogo?" akaniambia. "Mwenzako suruali ikimpasukia njiani huitangazi. Unasimama nyuma yake mpaka afike kwake. Tezo ilimteleza ndugu yako. Sisi tumesimama nyuma yake."

Kumbe kila aliyekinyoosha alidhani yuko peke yake, na anakufichia aibu. Halafu Frankline, yule wa mashine ya msasa, akakuta mchanganyiko, akaona ni kazi yake kuleta usawa. Alichukua baadhi ya vile vilivyosimama, akavipunguza mguu. Ila alipunguza mguu wa upande wa pili. Nikamuuliza kwa nini. "Buda, hizi pia ziko bent, zimepinda, si ndio mlikuwa mnataka?" Kwa hivyo sasa tuna vinavyolala kushoto, vinavyolala kulia, na vilivyosimama. Mwenyekiti anataka vyote vinyooshwe. Mourine anasema atajiuzulu.

Wameamua hivi. Mkutano mkuu ni Jumamosi tarehe 14 Juni. Nzomo aje mwenyewe, akae katikati ya karakana, achonge kigoda kimoja kwa mkono wake mbele ya wanachama wote. Kile atakachochonga, kimeinama au kimesimama, ndicho kitakuwa sheria. Asipokuja, jina lake litaondolewa kwenye kigoda na kitaandikwa kazi ya kikundi. Na uanachama wake utafutwa, kwa kuwa mwanachama asiyeonekana miaka mitatu hahesabiwi. Uanachama ukifutwa, mimi siruhusiwi kufungua gunia lolote kutoka Kyuso. Sioni njia nyingine, kaka. Lazima uje.

Na kama kinachokuzuia ni lile neno la matangani, kwamba mwanamume hahamii kwa wakwe zake, nililisema. Nililisema mbele ya watu. Sijui mtu hulirudishaje.

Basi.

Munyao


Kyuso
27 Aprili 2025

Kwa Shemeji Munyao,

Usihesabu siku, barabara ndiyo iliyochelewa. Mvua uliyoiulizia imekuja yote kwa pamoja, ikachukua daraja la chini na kuku wetu wanne. Gari halikupita wiki tatu. Ndengu zimeota vizuri. Yule mbuzi mweusi amepewa jina la mwalimu mkuu, usiniulize na nani.

Barua yako nimemsomea Baba Nthoki mara mbili. Kuhusu matanga hakusema kitu. Kuhusu Juni anasema haji.

Usinielewe vibaya, Baba Triza. Magunia yakikataliwa tumekwisha, hilo nalijua kuliko wewe. Huku hakuna wa kumchongea ila wewe na stoo yako. Lakini haji.

Nina swali dogo. Mwanamke akileta kazi ya kuchonga, namaanisha ya tezo na si ya msasa, mnamwandika wapi? Nauliza tu. Kuna jirani.

Mama Nthoki


Kayole
11 Mei 2025

Kwa Kaka Nzomo, na Shemeji asome pia kama ndiye anayekusomea. Macho yako nayo yamekuwaje?

Hatujambo. Triza amepata kazi ya muda kwenye duka la dawa Njiru na ameanza kututibu sisi wote bila kuombwa. Ndanu hana la kuongeza, amekasirika kwa niaba yangu.

Nianze na jirani wa shemeji. Daftari letu lina safu mbili, Fundi na Msasa. Wanawake wote wako Msasa. Si kwa ubaya. Ndivyo daftari lilivyochorwa na waliokuja kabla yetu, na wanapata chai kama wengine. Mwambie alete kazi, tutamwandika Msasa.

Sasa nina jambo zito, na naliandika nikiwa nimekaa.

Jumatano Mzee Kimwele alikipindua kigoda chako ili aone chini, mahali ambapo msasa haufiki. Alipitisha kidole gumba kwenye alama za tezo. Akapitisha tena. Akaniita.

"Ndugu yako alianza lini kutumia kushoto?"

Nikamwambia Nzomo ni mtu wa kulia tangu tumboni.

"Basi hiki si chake," akasema. "Alama zinatoka huku zinaenda huku. Hii ni tezo ya mtu wa shoto. Na ni mtu mzuri, Munyao. Ni mzuri kuliko Nzomo, kama utaniruhusu."

Sikumruhusu. Nilifunga stoo, nikapindua kazi zote za Kyuso nilizonazo humo. Twiga, bakuli, vijiko vya saladi, wale bundi wawili. Zote ni za shoto, kaka. Mpaka nilipofika kwenye za mwaka 2022 ndipo nikakuta mkono wako.

Umeajiri mtu. Umekaa huko kwa wakwe, umetafuta kijana wa shoto, unatuma kazi yake kwa jina lako, na mimi mjinga naapa mbele ya bodi kwamba Nzomo hatelezi. Nimepekua kichwa changu mtu mmoja mmoja, nikitafuta mtu wa shoto ninayemjua huko kwenu. Sipati hata mmoja.

Mimi ndiye niliyekudhamini. Kimwele amekubali kunyamaza mpaka Juni, lakini si kwa ajili yako.

Huyo mtu ni nani?

Munyao


Kyuso
25 Mei 2025

Shemeji,

Salamu baadaye.

Umekula chakula changu miaka ishirini na miwili. Muthokoi, uji, kuku wa Krismasi. Nilikupakulia kwa mkono gani?

Kaa tena chini, maana naona huwa unaandika umekaa lakini unasoma umesimama. Nzomo alipigwa na kiharusi miezi minne baada ya matanga ya mama. Daktari wa Mwingi alisema ni presha. Sijasema ni neno lako, wala yeye hajasema. Upande wa kulia ulikufa wote, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Anazungumza, lakini maneno yanatoka moja moja kama watu wanaopanga foleni. Ndiyo maana hashiki simu. Simu haikuingia maji.

Aliponiita nimsikilize mara ya kwanza, neno lilichukua muda mrefu kutoka. Nilidhani anataka maji. Alisema, "Munyao asijue." Nikanyamaza. Ni mume wangu.

Lakini magunia yalikuwa yanatakiwa. Mimi nimekaa na msasa nyuma yake miaka ishirini. Anayeshika msasa anajua tezo ilipita wapi, kwa sababu yeye ndiye anayefuta makosa yake. Nilichukua tezo. Wiki mbili nilichonga kuni. Wiki ya tatu nikapata kijiko.

Kigoda nilimchongea yeye. Akikaa kwenye kiti cha kawaida anaangukia kulia. Nilipunguza mguu wa kushoto, kiti kikamvuta kushoto, akakaa wima, akaona uwanja wake kama mtu. Baada ya mwaka mmoja alipata nguvu kidogo, mwinamo ukawa umezidi, ukaanza kumwangusha upande wa pili. Nikamchongea kingine, vidole viwili vikawa kimoja. Kile cha kwanza nikakitia kwenye gunia, kwani mbao nzuri haichomwi. Hicho ndicho mlichokifanya mama. Vilima vya Ukambani sivijui.

Sasa unajua. Sitaki kuhurumiwa na mtu. Nataka kazi yangu iandikwe, na iandikwe kwa Fundi. Nzomo hataki. Anasema ikijulikana ni mimi, basi yeye amekufa na kilichobaki ni mazishi. Tunaishi nyumba moja, Shemeji, na kila mtu ana haki yake, na haki mbili hizo hazilali kitanda kimoja.

Daftari liko kwako. Sikuambii ufanye nini.

Hakuna jirani.

Kavinya


Kayole
16 Juni 2025

Kwa Shemeji Kavinya,

Salamu. Sijui kuandika barua hii na ni ya tatu ninayoianza. Ya kwanza ilikuwa ya kuomba msamaha, ya pili ya kukulaumu. Hii sijui ni ya nini.

Barua yako ilikaa mfukoni mwangu wiki mbili na zaidi. Ningesema kazi ni yako, nimemzika kaka. Ningenyamaza, magunia yamefungwa na wewe umerudi Msasa. Nilimuuliza Ndanu. Akaniambia, "Ungekuwa ni wewe umelala upande mmoja, na mimi ndiye ninachonga, ungeandika jina la nani?" Nikasema langu. Angalau sikumdanganya.

Jumamosi godauni lilijaa. Waliweka gogo katikati, tezo juu yake, na kiti cha mgeni kando. Bwana Shiundu akasimama akaita, "Nzomo wa Kyuso." Watu wakageuka mlangoni. Akaita tena. Nikajiona nimesimama, Shemeji, na hadi leo sijui nani aliyeninyanyua.

Nikasema, "Haji. Ana kiharusi, mwaka wa tatu sasa. Kigoda kilichongwa na mkewe ili aweze kukaa wima. Na kazi zote za Kyuso tangu wakati huo ni za mkewe. Anaitwa Kavinya."

Kisha Bwana Shiundu akasema, "Tuombe." Yeye ajenda ikimshinda huomba. Tukaomba, dakika nyingi.

Baada ya amina Mourine akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo si vilima?"

"Si vilima."

"Na ile ya kupimwa kwa mtu?"

"Ni mtu. Ni kaka yangu."

Alikaa chini kwenye vumbi la mbao na ovaroli yake. Ni mara ya kwanza.

Mzee Kimwele akasema, "Sasa sisi tulionyoosha tulikuwa tunamfunika nani?" Na Frankline kutoka nyuma, "Na zangu zenye zimelalia kulia, hizo ni za nani?"

Bi Ruqiya akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake. Sijawahi kusikia sauti yake katika mkutano. "Za mgonjwa wa upande wa pili," akasema. "Wapo pia."

Watu walicheka, halafu wakaona haya, halafu wakacheka tena.

Ugomvi ulianza hapo. Mwenyekiti akasema katiba ya chama haijasema mwanamke anaweza kuwa fundi. Ruqiya akasema haijasema pia hawezi. Mwenyekiti akasema katiba inataka tafsiri. "Katiba haijasema mtengeneza taa anaweza kuwa mwenyekiti wa wachongaji," Ruqiya akamjibu, "na umekikalia hicho kiti miaka sita, Bwana Shiundu. Tumekutafsiri." Huyo ndiye tuliyedhani hasemi.

Wakapiga kura kwa mikono. Sikuhesabu vizuri, watu wengine walinyoosha mara mbili kwa kuchanganyikiwa, lakini ilipita. Uanachama wa Kyuso umebaki. Nafasi ya mchongaji kwenye bodi imebaki wazi kwa ajili yako kama utaitaka. Vigoda vya mnunuzi, hadi naandika hivi, hawajui vinyooshwe au vilazwe. Mourine anataka kuja kukuuliza. Nimemwambia angoje aitwe.

Kisha wakaniachia kalamu. Nilifungua safu ya Fundi. Nilimfikiria kaka amekaa uwanjani akisikia jina lake limetoka. Basi nikaandika "Nzomo na Kavinya". Kwa Fundi, si Msasa. Niliona hiyo ndiyo haki ya wote wawili. Ndanu anasema nimeogopa. Labda ni vitu viwili vinavyofanana.

Mwambie kaka ni mimi niliyesema, si wewe. Anikasirikie mimi, amezoea.

Munyao


Kyuso
6 Julai 2025

Kwa Shemeji Munyao,

Nakusalimu, na safari hii salamu zinatangulia. Ndengu tumevuna magunia matatu. Nthoki anatarajia mtoto mwezi wa Oktoba, mwambie Ndanu aanze kufuma sweta, ya manjano tu, hatutaki kubahatisha. Mwambie Mzee Kimwele nimesikia alichosema kuhusu mkono wangu, na kwamba Nzomo pia amekisikia, kwa sababu nilimsomea.

Nilimsomea yote. Sifichi tena upande wowote. Alinipa kisogo siku tatu. Uji nikimpa anakunywa, lakini anaangalia ukuta. Nami nilinuna, tukawa watu wawili walionuna katika nyumba ya vyumba viwili, mbuzi ndio waliokuwa wakizungumza. Ila mimi sikumnunia yeye. Nilikununia wewe.

Umeandika majina mawili. Baba Triza, Nzomo hakukichonga kigoda hicho. Alikikalia. Ukianza kuandika waliokalia, daftari lako halitatosha. Najua uliandika kwa huruma, na huruma nimekwambia siitaki, si yangu wala ya kumpa yeye kwa jina langu. Wale vifaru, wale simba, vinyago vyote vya kabla ya kiharusi ni vyake, viandike kwake kimoja kimoja, sitagusa hata sikio la swara. Yangu ni yangu. Futa jina lake kwenye safu hiyo. Ukiogopa, mpe kalamu Bi Ruqiya.

Mourine aje, lakini asije na kamera. Nitamwonyesha jinsi ya kumpima mtu. Mnunuzi wake akitaka vya kukalia watu wenye mwili mzima, wanyooshe. Akitaka vya kwangu, atupe vipimo vya atakayekaa. Kama hana vipimo, hana kigoda.

Na nafasi ya bodi nitaichukua. Nitapanda gari Agosti nikishauza ndengu. Nthoki atakuja kukaa na baba yake siku hizo. Tayarisha mahali pa kulala, na umwambie Mwenyekiti asiniombee kabla sijazungumza.

Hayo niliyaandika asubuhi. Mchana nimemsomea Nzomo, neno kwa neno, mpaka na hilo la kufuta. Nikamuuliza kama ana lolote kwako, kwani karatasi bado ina nafasi. Maji ya chai yakachemka kwanza. Kisha akasema:

"Sawa."

Nikamuuliza, sawa nini? Sawa niende Nairobi, sawa jina litoke, au ni sawa kwa lile neno la matangani? Akaniangalia, hakuangalia ukuta.

"Andika tu," akasema.

Basi nimeandika. Sawa.

Kavinya